Kitabu Kilichoshonwa kwa Uzi wa Vifungo

Saa nne na nusu asubuhi, msimamizi wa chumba cha pasi anagonga bomba la mvuke mara mbili kwa kijiko, na mwanamke mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani anaiweka pasi yake kando. Wenzake hawaulizi kitu. Mmoja baada ya mwingine wanapita kwenye kapu lake, kila mtu anachota mashati mawili matatu na kuyaongeza kwenye rundo lake. Kapu likibaki tupu analipindua, analikalia, anafuta miwani kwa ncha ya aproni na kufungua kitabu.

"Jana tulimwacha wapi?" anauliza.

"Kwenye duka la misumari," inajibu sauti kutoka ndani ya mvuke. "Anabishana na muuzaji, lakini kichwani tu. Mdomo hajaufungua."

"Basi bado anabishana," anasema, na kuanza kusoma.

Hapa wanamwita Redio. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila ukiliuliza mlangoni, mlinzi atakuambia hamjui mtu huyo. Ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimalizia katika kiwanda hiki cha kufulia, ambako mashuka ya hospitali, vitambaa vya meza vya hoteli na sare za watu wa kila kazi huingia vikinuka na kutoka vikinukia.

Kazi si ya mchezo. Mpiga pasi mzoefu humaliza vipande mia na ishirini kwa zamu, amesimama muda wote, joto likimkaanga kuanzia unyayo. Na malipo ni kwa kipande. Shati ambalo hukulipiga pasi ni shati ambalo hukulipwa. Nusu saa ya kusoma ingemlia Redio mshahara wake, kama wenzake wasingekuwa na utaratibu wao: mashati ya nusu saa ile wanayapiga wao, na yote yanahesabiwa kuwa ya kwake.

"Tunamlipa kwa jasho," anasema jirani yake wa meza, mwanamke mwembamba mwenye maneno ya moto anayeitwa Mama Mvuke. "Na akisoma vibaya tunamrudishia mashati yake."

Kitabu chenyewe ni kinene kama tofali. Jalada lake ni kipande cha shuka kuukuu kilichotiwa wanga hadi kikakakamaa. Kimeshonwa kwa uzi mweupe wa vifungo vya mashati, na kimeshonwa vibaya. Leo chumba kizima kinajua hivyo. Hadi miezi miwili iliyopita alijua mtu mmoja tu, naye alikuwa amejinyamazia.

Kusoma kulianza kwa ajali. Zamani palikuwa na redio ya kweli, imening'inizwa kwenye msumari juu ya beseni la wanga. Kila siku ilikuwa ugomvi: huyu anataka mpira, yule anataka mahubiri, mwingine anataka muziki wa ujana wake. Siku moja ikatumbukia kwenye wanga. Aliyeisukuma hajulikani hadi leo, ingawa jambo hilo likitajwa wote humwangalia Mama Mvuke. Ilipokauka ilikuwa ngumu kama kola ya bwana harusi, na haikusema tena.

Chumba kikawa na kimya cha kutisha. Siku ya tatu mwanamke mwenye kitambaa cha bluu hakuvumilia. Akaokota kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni, akaanza kuwasomea wenzake tangazo la kupotea kwa ng'ombe. Walicheka hadi wakalia. Kesho yake wakamwambia alete kingine, na jina la Redio likamganda.

Kisha kikaja hicho kitabu.

"Kilikuja ndani ya foronya ya hoteli," anasimulia. "Hakuna aliyekagua. Kikaingia na foronya yake kwenye beseni la kulowekea. Tunakitoa, kimevimba kama mkate, jalada limekwenda na maji."

Hoteli iliulizwa, ikasema mgeni ameshaondoka na hakuacha anwani. Msimamizi alitaka kitupwe. Aliyekataa ni mzee mmoja anayekaa pembeni kwenye kigoda, kazi yake kushona vifungo vilivyong'oka na kuziba mashuka yaliyochanika. Wote wanamwita Babu, hata wale wanaokaribia umri wake. Alisema kitu kilichoandikwa na mtu hakitupwi, kinafuliwa.

Basi wakakifua, kwa namna yao. Kurasa zilibanduliwa moja moja na kuanikwa kwenye kamba kwa vibanio, katikati ya soksi za wauguzi. Zilipokauka zilikuwa zimekunjamana, wakazipiga pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa.

"Mimi peke yangu nilipiga kama mia mbili," anajigamba Mama Mvuke. "Hakuna hata moja iliyoungua. Iliungua moja tu."

Babu akazitia kwenye mfuko, akaenda nazo nyumbani. Sehemu ya chini ya kila ukurasa, penye namba, ilikuwa imeoza, akaikata yote kwa mkasi wa kitambaa. Alikaa nazo miezi. Siku aliyokirudisha kitabu, kimeshonwa na kuvishwa jalada la shuka, wanawake walikipokezana mikononi kama mtoto mchanga.

Kinachosimuliwa humo ni kifupi kuliko kitabu. Ndugu wawili wanaishi nyumba moja. Kaka anavunja taa ya mdogo wake, wanatupiana maneno, na asubuhi kaka anatoka kwenda kununua taa nyingine. Anatembea mjini siku nzima. Hayo tu. Kilichobaki ni mawazo yake, na mawazo ya mdogo wake aliyebaki nyumbani, yanapishana kama watu sokoni.

"Mwanzoni tulidhani Redio hajui kusoma," anasema Mama Mvuke. "Sentensi inaanza asubuhi, saa ya kula inafika, haijaisha. Nukta hamna. Mtu anavuka barabara kurasa kumi na moja. Nikasema huyu atagongwa na gari kabla hatujamaliza mashuka."

Lakini hawakukiacha. Ukimuuliza Redio kwa nini, anaichukua pasi na kukuonyesha.

"Ukipiga pasi ndivyo unavyowaza," anasema. "Unaanza na kola. Unafika kwenye mkono wa shati, uko kwa marehemu mama yako. Unafika kwenye vifungo, unamjibu mtu aliyekutukana mwaka juzi. Shati limeisha, hujui limeishaje. Tukaona kumbe mwandishi huyu alikuwa mpiga pasi mwenzetu."

Mara ya kwanza walipokimaliza, ilichukua karibu mwaka. Katika kurasa za mwisho kaka amesimama mlangoni usiku, upepo unavuma, taa inayumba mkononi. Mlango unafunguka. Mdogo wake anamtazama, hamuulizi alikuwa wapi, anasema tu: "Ingia, upepo utaizima."

Redio alifunga kitabu. Chumba kizima kilikuwa kimesimamisha pasi. Mama Mvuke alikuwa analia na kuwaambia watu ni mvuke. Redio akavua aproni, akaomba ruhusa, akatoka.

Hakuwaambia anakokwenda. Alikuwa anakwenda kwa mdogo wake.

Yeye na mdogo wake, mpishi wa shule ambaye tangu utoto anamwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, walikuwa hawajasemeshana miaka minne. Mama yao alipougua, Kitinda ndiye aliyemuuguza. Redio alikuwa akifanya zamu mbili, na mama akafa yeye akiwa kazini. Siku ya mazishi, mbele ya watu, mdogo akamwambia mkubwa: "Umekuja kama mgeni." Redio aliondoka na neno hilo na hakurudi.

"Lilikuwa la kweli, ndiyo maana liliuma," anasema sasa. "La uongo ningelijibu."

Siku ile ya mwisho wa kitabu alifika mlangoni kwa mdogo wake, akapiga hodi. Kitinda akafungua. Walitazamana, wakalia, wakala viporo. Tangu siku ile hawajaachana. Lakini Redio hakumwambia kamwe mdogo wake kwamba kilichomtoa kazini ni kitabu. Aliona aibu. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, apatanishwe na hadithi ya foronya.

Mwaka huu kitabu hicho kimetimiza miaka hamsini tangu kilipochapwa. Maktaba ya mji ikaamua kukiadhimisha kwa kukisoma kwa sauti, chote, siku moja, kuanzia asubuhi hadi jioni, watu wakipokezana. Waliitwa mwoka mikate, askari wa barabarani, jaji mstaafu, wanafunzi na kinyozi. Redio aliingia kwa mlango wa mapazia.

Maktaba huleta mapazia yake kufuliwa hapa. Mkutubi, msichana mcheshi asiyejua kutembea polepole, alikuja kuyachukua, akasikia kutoka chumba cha pasi maneno anayoyajua.

"Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa," anasema mkutubi. "Wiki nzima nilikuwa natafuta watu wa kusoma kitabu kile, wengi wanakikimbia. Halafu nakisikia kinatoka kwenye mvuke, na watu wanakibishia. Mmoja alikuwa anamwambia mhusika aache ujinga."

Papo hapo akampa Redio heshima kubwa kuliko zote: kurasa za mwisho. Aliyekisoma kwa sauti mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini, alisema, ndiye akifunge. Chumba kizima kilishangilia, msimamizi akatangaza kwamba siku hiyo pasi zitazimwa mchana. Redio akamwalika Kitinda. Safari hii, alijiapiza, baada ya kusoma ule mlango atamwambia mdogo wake mbele ya wote: hiki ndicho kilichonileta kwako.

Siku mbili kabla ya maadhimisho, mkutubi alimletea nakala safi ya maktaba, kurasa zake zikiwa zimewekewa utepe. Redio akaifungua wakati wa kula. Akasoma, akarudia. Akafunga, akavaa viatu, akaenda maktaba na kitabu chake cha uzi kwapani.

"Mwanangu, usiudhike," alimwambia mkutubi, "kitabu chenu kimekosewa. Waliokichapa wamesahau mlango."

Mkutubi anasema alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mama huyu, akaacha. Wakaviweka vitabu viwili mezani, kimoja pembeni ya kingine. Walilinganisha hadi chai ikapoa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa sehemu moja. Ule mlango, ule upepo, ile "Ingia" ilikuwa katikati ya kitabu. Haikuwa kurudi nyumbani. Ilikuwa kumbukumbu ya kaka akiwa barabarani, akikumbuka usiku mmoja wa miaka ya nyuma, walipokuwa bado wanapendana.

Na mwisho wa kweli ni huu: kaka anafika nje ya nyumba na taa mpya. Ndani kuna mwanga, mdogo ameshapata taa nyingine. Anasimama. Kitabu kinaishia amesimama.

"Aliuangalia ule ukurasa muda mrefu," anakumbuka mkutubi. "Kisha akasema kitu ambacho sikukielewa. Akasema, huyu mimi namjua."

Redio akaomba asome mwisho wa kwake. Mkutubi, na inaonekana lilimuuma, akamwambia haiwezekani. Watu wanakuja kukisikia kitabu kama mwandishi mwenyewe alivyokiandika. Kama hawezi, atafutiwe mwingine.

"Nitasoma," alisema Redio, na kutoka bila kuaga vizuri.

Hakwenda nyumbani. Alirudi kiwandani, moja kwa moja hadi kwenye kigoda cha pembeni.

"Babu, ulikosea kushona," alimwambia.

Mzee hakunyanyua macho kwenye kifungo chake. "Sikukosea," akasema.

Waliokuwa karibu wanasema Redio, ambaye hajawahi kumpandishia sauti mtu mzima, siku hiyo aliipandisha. Babu akamwacha aseme hadi amalize. Kisha akaeleza kwa upole, huku akifunga fundo. Ili kuzipanga kurasa zisizo na namba ilimlazimu kuzisoma zote, neno kwa neno, akifuata sentensi ilipokatika na inapoendelea. Alizipanga kama inavyotakiwa. Akafika mwisho, akamkuta yule kaka amesimama nje.

"Nikamsubiri aingie," alisema Babu. "Ukurasa ukaisha. Nikaona huyu mwandishi amefanya kazi nzuri yote ile, halafu kifungo cha mwisho hakukishona. Mimi kazi yangu ni vifungo."

"Umetudanganya miaka yote hii."

"Mimi nilihamisha mlango tu. Je, wewe ulikwenda kwa mdogo wako au hukwenda?"

Redio alishangaa, maana hakuwahi kumwambia mtu. Babu akasema mtu akitoka mbio akilia na kesho yake akarudi anaimba, haihitaji miwani kumsoma.

Jibu hilo lingemtosha mwingine. Redio halikumtosha. Anasema siku mbili zile aliunguza shati kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kilichomsumbua hakikuwa ukumbi wala jaji mstaafu. "Nilijiuliza, kama mlango ule ni wa kubandika, basi na hodi yangu ilikuwa ya kubandika. Na sasa niende nikamsomee mdogo wangu, kwa kinywa changu, kwamba yule mtu hakuingia. Nilitamani niugue."

Hakuugua. Siku yenyewe ikafika, na ilikuwa sherehe ya kweli. Ukumbi wa maktaba ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mwoka mikate alisoma kama anayehesabu mikate, haraka na bila kuruka hata mmoja. Askari wa barabarani alipangiwa zile kurasa za kuvuka barabara, na watu wakacheka hadi yeye mwenyewe akashindwa kuendelea. Jaji alipotea katikati ya sentensi, akaomba radhi, akaianza upya tangu kurasa mbili nyuma, na hakuna aliyenung'unika.

Mchana watu wa pasi wakaingia kwa pamoja, bado wananukia sabuni, wakajaza safu mbili. Babu alikuwa amevaa koti. Kitinda alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani, asijue kinachoendelea. Kitabu hicho hakuwahi kukifungua.

Ilipofika sehemu ya mlango, katikati, akaisoma kinyozi. "Ingia, upepo utaizima." Katika safu za watu wa pasi kukatokea mtikisiko. Mama Mvuke akamwinamia jirani yake na kunong'ona kwa sauti iliyosikika hadi jukwaani kwamba kinyozi amefungua kurasa za watu. Redio alikuwa hajamwambia yeyote. Babu akatazama viatu vyake.

Jioni, zamu yake ikafika. Alipanda na kitambaa chake cha bluu, akafuta miwani, akasoma. Sauti ilikuwa ile ile ya chumba cha pasi, nzito na isiyo na haraka, na ukumbi ukatulia. Alimfikisha yule kaka mtaani kwake. Akampitisha kwenye uzio. Akamsimamisha nje.

"...na taa ilikuwa kwapani na mwanga ulikuwa dirishani na mkono ulikuwa wake mwenyewe, angeweza kuunyanyua, na mlango ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, na akasimama."

Akanyamaza. Hapakuwa na kingine. Watu wa pasi walikuwa wamekodoa macho, wanasubiri kufunguliwa.

Na katika kimya hicho, kutoka safu ya mbele, ikasikika sauti ya mtu ambaye hajui kwamba kitabu kimekwisha.

"Si apige hodi tu," alisema Kitinda. "Aliyeko ndani naye anasubiri."

Hakuisema kwa nguvu. Ilimtoka tu. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, kisha makofi, na watu wa pasi wakasimama wakipaza sauti kwamba ndiyo, apige hodi, wao wanamjua, huwa anaingia. Mkutubi akamtazama Redio, akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Redio akafunga kitabu cha maktaba, akavua miwani, na kwa kichwa, bila ukurasa, akausema mlango wote, upepo na taa, hadi mwisho wake wa miaka yote. Neno la mwisho watu wa pasi walilisema naye. Jaji mstaafu alikuwa anafuta macho, na pale hapakuwa na mvuke wa kusingizia.

Walipotoka nje, kwenye uwanja wa maktaba, chai ikigawiwa, Redio alimvuta mdogo wake pembeni, akamweleza yote: foronya, uzi, Babu, na kwamba siku ile alikuja kwake kwa sababu ya mlango ambao kumbe haukuwa pale.

Kitinda alimsikiliza hadi mwisho, anapuliza chai yake.

"Dada," akasema, "mara ya kwanza ulikuja na mfuko wa machungwa."

Redio akamshika mdogo wake mkono. Kwa maana ni kweli, na hakuwahi kumwambia kiumbe yeyote. Mwaka mmoja kabla ya kukimaliza kitabu alikwenda hadi nje ya nyumba ya mdogo wake. Akasimama. Akaona taa inawaka ndani. Akarudi.

"Nilikuona kupitia dirisha," aliendelea Kitinda. "Nikasema akipiga hodi namfungulia hata kama sina viatu. Hukupiga. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, sikufungua. Kwa hiyo usiniambie habari za mwisho wa kweli na mwisho wa uongo. Huyo aliyesimama ni wewe, na aliyeingia ni wewe. Ulikuja mara mbili, basi."

"Yale machungwa niliyala yote njiani," alisema Redio. "Nikaumwa tumbo siku tatu."

"Ulistahili," alisema mdogo wake, na wakacheka huku wamekumbatiana, chai ikiwamwagikia.

Babu alijitolea kukifumua kitabu na kukishona inavyotakiwa. Chumba cha pasi kikakataa kwa kauli moja. Anayetaka ule mwingine aende maktaba, walisema, huku kwetu jamaa anaingia ndani. Ila wameanza kukisoma upya, na Redio anasema sasa anakisoma kwa uchungu zaidi na kwa raha zaidi, maana anajua kila hatua ingeweza kuishia nje. Wana mpango wa kununua kitabu kingine wakikimaliza hiki. Tayari imepitishwa kwamba hicho kipya Babu haruhusiwi kwenda nacho nyumbani.

Ndoto kubwa ya Redio ni siku watakayofika kwenye mlango tena. Anataka milango ya chumba cha pasi iachwe wazi, watu wa maktaba waje wakae juu ya marundo ya mashuka, pasi ziendelee kufanya kazi, na isomwe miisho yote miwili, ule wa kusimama na ule wa kuingia. Maneno ya yule mdogo wa kitabuni ameshampangia wa kuyasema. Kitinda alikataa, akasema yeye ni mtu wa masufuria, hajui kusoma mbele za watu. Kisha akauliza ni maneno mangapi. Aliposikia ni matatu, akasema atafikiria.

Ijumaa iliyopita Redio alitoka kazini, akapita kwa mdogo wake kama kawaida yake. Akafika mlangoni, akanyanyua mkono. Kabla hajasema hodi, sauti ikatoka jikoni, taratibu, ya mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza:

"Ingia, upepo utaizima."

Hakuwa na taa. Alikuwa na mfuko wa machungwa.